Enduru Kifuani kwa Baba

Jumapili, 18 Julai 2021
Shangazi Kokuhirwa kanipigia simu toka Muleba, ndiyo kwanza natoka misa. Baba amepona, anasema. Homa imeshuka, jana kala ndizi, kaulizia kama kahawa yake imeanikwa. Haya, Mungu ashukuriwe. Ila nyuma ya sauti yake nilisikia kikohozi, kile kikavu. Nikaomba nimsalimie. Baba akasema "Joanitha" — akapumzika. Akasema "mwanangu" — akapumzika tena. Mtu aliyepona hapumziki katikati ya salamu! Shangazi akachukua simu, eti namchosha mdogo wake.

Sijapenda. Sijapenda kabisa.

Jumatatu, 19 Julai
Amelazwa. Alizidiwa asubuhi, midomo ikawa rangi ya majivu, wakampakia kwenye gari la jirani. Yuko kwenye oksijeni. Ugonjwa ni ule tunaoujua sote na hakuna aliyeutaja jina. Kule nyumbani wanaita "changamoto ya kupumua". Changamoto! Kama mtihani wa darasa la saba.

Na mimi kipindi cha pili nilikuwa na Fomu Tatu. Mada — Mungu naye ana utani wake — kinga ya mwili. Miaka yote nimewafundisha hivyohivyo: seli nyeupe za damu ni askari wetu, zikiwa nyingi ndiyo uzima. Nikachora seli kubwa inameza bakteria, nikaiwekea na meno. Wakacheka. Nikageukia ubao nikajifanya nafuta kitu.

Jumatano, 21 Julai
Idi, hakuna shule. Nimekwenda Muleba. Nyumbani kwangu Kashai, hapa Bukoba, nimefunga mlango bila hata kuosha vyombo.

Sikumtambua baba. Kagaruki yule, mzee aliyekuwa akipandisha kilima na mkungu begani bila kuhema, leo anahema akigeuza shingo tu. Mtungi wa oksijeni umesimama pale kama mgeni asiyeaga.

Daktari ni mwanamke, Judica, mdogo kwangu, macho mekundu juu ya barakoa. Nikamuuliza imekuwaje apate nafuu kisha aanguke. Akaniambia ndivyo unavyokuja kwa wengine. Virusi sasa huenda vimepungua. Kinachomuumiza zaidi ni seli zake mwenyewe za kinga. Zimejaa mapafuni, zinatoa kemikali za kuitana, zinazokuja nazo zinaita nyingine, na zote zinapiga ovyo mpaka mapafu yanavimba na kujaa maji. Kwa hiyo anamchoma sindano ya kuzituliza. Kesho wataanza vidonge.

Kuzituliza! Nilikaa kwenye benchi nikaona ubao wangu wote umefutika. Askari wangu wenye meno.

Shangazi ndiye anayemuuguza, ndugu mmoja tu anaruhusiwa kushinda wodini. Nikaona lazima aelewe. Nikamwambia kwa Kihaya: ni kama mwizi kaingia kibanjani, shambani kwako nyumbani, ukapiga enduru, lile yowe la kuita kijiji. Watu wakaja na mapanga. Mwizi kashakimbia, wao bado wanakata, wanakata migomba, wanakanyaga mibuni, nyumba nayo inaanguka. Vidonge vinawaambia warudi makwao.

Alinisikiliza vizuri sana. Akauliza, kwani hao watu wamepewa nini mpaka saa hizi? Nikacheka. Nikarudi Bukoba nikijiona mwalimu kwelikweli.

Ijumaa, 23 Julai
Nafuu. Kaongea sentensi nzima kwenye simu! Kamgombeza mtu wa kahawa. Nimelia jikoni, kilio cha raha.

Jumapili, 25 Julai
Si nafuu tena. Oksijeni wameipandisha. Daktari haelewi, alikuwa anakwenda vizuri. Nimempigia shangazi: dawa anapata? Anapata, kila asubuhi baada ya uji. Sauti yake imetulia mno. Labda amechoka tu, naye ni mzee.

Misa sikwenda. Ningemwambia Mungu nini?

Jumanne, 27 Julai
Ruhusa kwa mkuu wa shule, basi la kwanza, nimefika wanagawa uji. Muuguzi kamwekea shangazi vidonge mkononi, kaenda kitanda kingine. Shangazi kageuka. Kafungua chupa ya chai. Harufu ile naijua toka utotoni — omubilizi! Majani machungu ya nyuma ya nyumba, tulikuwa tunabanwa pua ili tuyanywe. Kampa baba kikombe. Na vidonge kavifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na vyenzake vya siku zote hizi.

Nikasema shangazi, unafanya nini?

Wala hakushtuka. Akasema: wewe mwenyewe uliniambia. Watu wamekuja kwa enduru. Toka lini sisi tukamfukuza aliyekuja kwa enduru? Unampa kinywaji, unamwambia kasinge, ahsante, ndipo anaondoka kwa moyo mweupe. Ukimfukuza, siku nyingine utapiga yowe hakuna atakayekuja. Basi nikawapa cha kunywa.

Mawe, mama yangu! Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Kwa shangazi yangu! Aliyembeba baba mgongoni. Akakaa chini akafungua pindo, akanipa vidonge kimoja kimoja. Hasira ikaniishia palepale, ikabaki aibu. Mfano ule ni wangu. Yeye kauchukua mpaka mwisho, mimi niliishia njiani.

Daktari Judica hakutugombeza. Karudisha sindano. Nikauliza tumechelewa? Akasema tusubiri. Kumhamisha sasa haiwezekani, hawezi kuachana na mtungi.

Naandika nikiwa kitandani kwake, miguuni. Amefumbua macho muda si mrefu. Kauliza nani wanamkaba. Nikasema ni watu wako, tata, baba yangu. Walikuja kukusaidia, hawajui kama mwizi kashaondoka.

Akavuta pumzi. Akavuta nyingine.

"Waambie... mwenye kibanja... ni mimi."

Nimewaambia. Muuguzi ananitazama, sijali. Nimeinama kifuani kwake nikasema kwa Kihaya: kasinge, mmefanya vya kutosha, mwenye kibanja anawaomba mrudi makwenu. Mimi, mwalimu wa Bailojia!

Kifua kinapanda. Kinashuka. Namba ya kile kipimo cha kidoleni inakwenda juu kidogo, inarudi chini. Amefumba macho tena. Shangazi kaja taratibu, kanishika bega, anauliza kama wameanza kuondoka.