Mkuu wa idara na hospitali mbili

Mwenzangu! Mkuu wa idara kaniumbua mbele ya wanafunzi!

Leo nimeanza kuwafundisha takwimu. Sikuanza na kanuni. Niliandika ubaoni: hospitali kubwa, kati ya wagonjwa mia wanafariki watano. Ndogo, wawili. Utampeleka wapi mama yako? Jadilini.

Darasa likachangamka. Mara huyo mkuu kaingia bila hodi: "Hili ni darasa au kijiwe?"

KIJIWE! Wiki tatu naliandaa somo, naambiwa kijiwe!

Nikamwambia kwa adabu zote, "Basi mkuu, tusaidie jibu."

Akatanua kifua. "Jibu liko wazi. Hospitali ndogo!"

Binti mmoja akanyoosha mkono: "Samahani mkuu, mahututi si ndio wanapelekwa ile kubwa? Ndogo inabaki na wenye mafua."

Darasa zima likaangua kicheko.

Ningeweza kumwokoa. Sikutaka! Nikaandika taratibu chini ya swali: "Jibu la mkuu wa idara: ndogo." Nikawaambia, "Kazi ya nyumbani, elezeni kosa liko wapi."

Na kwa amri yake mwenyewe, kila kazi ya wanafunzi lazima aisome na kuisaini yeye.