Mzee wa Kiirua Aliyekataa Kula

Majimbo, Embu
3 Februari 1993

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Embu. Mimi ni mzima, shida ni kazi za ofisi tu. Wewe je, u hali gani? Kidonda cha tumbo kimefunga vizuri tangu madaktari wakuondolee ule mfuko wa choo wa ubavuni na kukirudisha kwenye njia yake? Nisalimie kaka Mwiti, mkewe Cicily, na mtoto wao Mukiri.

Baba, nina neno ambalo limenichoma tangu Jumamosi. Wazee wa Ndambiri walitoka Embu alfajiri na makoti yao ya harusi, wakaja Kiirua kuniposa. Unajua kuliko mimi kwamba mwenye boma asipotia tonge la kwanza mdomoni, wageni wamefukuzwa. Cicily alikuwekea mukimo na nyama. Hukugusa. Wakakaa wakiangalia sahani yako, na zao zikapoa. Halafu Mzee Mbogo, baba yake Ndambiri, akiwa katikati ya maneno yake, ukainuka ukatoka, na hukurudi hata kuwaaga. Mimi nilikuwa jikoni nikitamani ardhi inimeze.

Wamerudi wakisema mzee wa Kiirua hataki Waembu. Kama Ndambiri humtaki, niambie wazi.

Ni mimi mwanao,
Karambu


Kiirua
17 Februari 1993

Kwa mama yangu Karambu,

Muga, nakusalimu. Hapa sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Mvua bado, ila yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Barua yako nimeipata. Sina neno baya na huyo kijana. Siku ile sikuwa na njaa, na huko nje nilikuwa na shughuli. Waambie wangoje, labda mwakani. Habari za tumbo langu usiulizeulize, hayo si mazungumzo yangu na wewe.

Ni mimi baba yako.


Majimbo, Embu
8 Machi 1993

Baba,

Leo salamu sina. Shughuli! Watu watoke wilaya nyingine kukuomba binti, na wewe una shughuli. Eti mwakani! Mzee Mbogo amesema hatakalia tena kiti mahali asipotakiwa. Nasikia hata kanisani umeacha kwenda, wewe mzee wa kanisa. Sijui umekosana na nani, sisi au Mungu.

Pasaka ikipita tutaenda kwa DC tuandikishe ndoa, na hutaniona nikija kuomba baraka. Nilitaka kutolewa nyumbani, na nitolewe na wewe. Umekataa.

Karambu


Kiirua
25 Machi 1993

Mama,

Nakusalimu sana, ingawa wewe ulininyima salamu. Barua hii nimeianza nikaitupa motoni, nikaianza tena. Una jina la mama yangu, ndiyo maana kuna mambo ambayo mdomo wangu hauwezi kuyatamka mbele yako. Lakini nikinyamaza nakupoteza. Kwa hivyo naandika haraka kabla sijabadili nia, na ukimaliza uichome.

Tangu warudishe choo kwenye njia yake, hakinitii. Hakibishi hodi. Nikila, kabla sijaweka sahani chini kimefika, na mara nyingine chooni sifiki. Nikidhani nimemaliza, kabla sijavuka uwanja narudi tena. Ndani ya suruali nafunga vipande vya shuka kuukuu, mimi, kama Mukiri. Cicily ni mke wa mwanangu, nguo hizo hawezi kuzifua, hata kuziona hapaswi. Nazifua mwenyewe mtoni na kusema nimeenda kunywesha ng'ombe. Mama yako angekuwa hai ningemwambia yeye peke yake.

Siku ya wageni niliogopa sana. Tangu Alhamisi sikula chochote, nilikunywa chai tu, nikidhani tumbo tupu halitanisumbua. Ndiyo sababu sahani sikuigusa. Likanitenda vilevile. Mzee Mbogo akiwa anasema nikalisikia limeanza, nikainuka, nikafika kwenye migomba tu. Nilichuchumaa pale suruali yangu nzuri ikiwa imeharibika, nikiwasikia wakiuliza mzee yuko wapi, nikiwasikia wakiaga. Ningetokaje? Ninuke mbele ya wakwe? Kanisani nako nimeacha kwa sababu kiti changu kiko mbele.

Ndambiri nampenda. Lakini usimwambie, nakuomba.

Ni mimi baba yako, mwenye aibu.


Majimbo, Embu
14 Aprili 1993

Kwa Baba yangu mpendwa,

Salamu za Pasaka. Unaendeleaje? Leo nauliza na nataka jibu la kweli.

Barua yako niliisoma nimejifungia chumbani. Naona haya kwa yale niliyokuandikia, naona haya sana. Kwa DC hatukwenda. Ndambiri sijamwambia kitu, nimemwomba tu avumilie.

Nilienda kwa Sista Lydiah, muuguzi wa wadi ya upasuaji hapa Embu. Nikasema ni habari ya baba wa rafiki yangu. Akaniangalia, akasema, "Basi mwambie huyo rafiki yako asilie, hiyo tunaiona kila wakati."

Anasema utumbo wa chini ndio ghala. Wamekata sehemu kubwa, kilichobaki ni kidogo na hakijazoea kazi. Kitazoea, lakini lazima kifundishwe. Kukaa bila kula ndiko kunakokiharibu zaidi, kwa sababu tumbo tupu linajaa gesi na majimaji. Kula kidogo kidogo, kwa saa zilezile: uji, ndizi za kuchemsha, nduma. Maziwa, maharagwe na chai punguza kwanza. Asubuhi ukishakunywa uji nenda ukae chooni hata kama hujaitwa, bila kujikamua, tumbo lijue saa yake. Likikuita wakati mwingine usikurupuke. Kaa, kaza, pumua, lingoje litulie ndipo utembee.

Halafu kuna zoezi. Kaza kule nyuma kama mtu anayezuia upepo akiwa kanisani. Ni yeye amesema hivyo, Baba, si mimi! Shikilia, achilia, rudia, kila siku, na hakuna atakayejua. Ngozi ipake Vaseline isichubuke. Na daktari aliyekupasua, ulimwambia? Najua hukumwambia. Ana vidonge vya kupunguza mwendo wa tumbo, lakini asipojua atakupaje?

Wewe huniita mama. Hakuna mama anayemwonea mwanawe kinyaa.

Ni mimi mama yako,
Karambu


Kiirua
30 Mei 1993

Kwa mama yangu,

Muga sana. Mvua imekuja vizuri na viazi vimeshika.

Nilienda kwa daktari. Akauliza mbona nimenyamaza muda huu wote. Vidonge alinipa. Pale chooni Mwiti amenichongea kiti chenye tundu, nimemwambia ni kwa ajili ya magoti. Lile zoezi nalifanya hata nikikamua ng'ombe. Jumapili nilirudi kanisani, nikakaa nyuma kabisa. Mchungaji akaniita mbele, nikatikisa kichwa, na watu wakageuka kunitazama.

Siku nyingine ni nzuri. Juzi haja ilinishika nikiwa shambani nikarudi nyumbani nimejifunga koti kiunoni. Lakini waambie wazee waje tarehe 26 Juni, na Mzee Mbogo umwambie ni mimi mwenyewe ninayemwomba. Siwezi kuahidi habari ya tumbo, ila kula nitakula.

Ni mimi baba yako.


Kiirua
28 Juni 1993

Kwa mama yangu Karambu,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima. Kwa kuwa ofisini walikunyima ruhusa, nikueleze mwenyewe habari za wageni wa juzi kabla hujasikia kwa wengine.

Nilikula. Tonge la kwanza nilitia mdomoni wote wakiniangalia, nao wakala. Nilikuwa nimeweka kiti changu karibu na mlango. Liliponiita mara ya kwanza nikakaa, nikakaza, likatulia, nikatembea polepole kama mtu anayeenda kuangalia ndama, nikafika. Nilifurahi kama mtoto. Mara ya pili, Mzee Mbogo akiwa katikati ya maneno yake, sikufika.

Nilisimama nyuma ya choo nikitaka kubaki hukohuko mpaka waondoke. Baadaye nikanawa, nikabadilisha. Nilitoka na suruali ya kijivu, nikarudi na ile ya kaki ya kulimia, kwa maana nzuri nyingine sina. Kila mtu aliona. Cicily aliona. Nilikuwa nimepanga kuwaeleza habari ya operesheni, lakini mdomo ulikataa, nikaenda kuketi.

Mwiti ananiambia kwamba tangu nilipotoka Mzee Mbogo alimkataza kila mtu kuendelea na mazungumzo. Nilipoketi, akaanza upya kwenye neno lilelile alilokuwa amekatia. Ndambiri alikuwa anaangalia sakafu. Nadhani wameelewa, mama, na kuelewa kwao kunaniuma. Nikamjibu Mzee Mbogo. Nikasema ndiyo, tumewapa.

Aibu ninayo hata sasa ninapoandika. Lakini umetolewa nyumbani, na aliyekutoa ni mimi, nimekaa kwenye kiti changu na suruali ya shambani.

Ni mimi baba yako.