Tawi Lilipiga Kushoto

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, karafuu zimekunjwa ndani ya majamvi na nyumba nzima inanuka. Leo sina imani na mtu, hata daktari.

Juzi kaka Faki alianguka mkarafuuni. Tawi alilokanyaga lilikatika, likaja naye, likampiga juu ya sikio la kushoto. Tangu hapo mkono na mguu wa kulia vimelala, na maneno hayamtoki. Anatutazama tu. Naumia.

Baba ana neno moja: "Tawi limempiga kushoto, nkono ulokufa wa kulia. Hino si kazi ya tawi hino."

Ningekataaje? Mimi ndiye niliyemtaja Bi Time, mama mkwe wa Faki. Kabla kaka hajapanda nilimwona mama huyo akimpa maji kwa kata, naye akaipokea kwa mkono huohuo wa kulia. Na walikuwa wamenuniana tangu mbuzi wa Bi Time walipokula miche ya Faki. Mtu aliyekununia anakupa maji ya nini?

Basi Ijumaa baada ya sala Bi Time ataapishwa kwa msahafu kwamba hakumroga kaka, na shahidi ni mimi. Baba keshasema, Bi Time akisitasita tu kuapa, bintiye Mwanaisha, mke wa Faki, anarudishwa kwao siku hiyohiyo. Wifi Mwanaisha ndiye anayemlisha Faki uji. Kwa mwengine hafungui kinywa.

Leo tulimpeleka hospitali mjini Chake Chake kwa gari la ng'ombe. Alikuwa kafunikwa shuka hadi kidevuni, macho kayafumba. Daktari, Mhindi mmoja wa maneno machache, alipapasa ule uvimbe, akauliza palepale, "Mkono wa kulia anauinua? Na kusema, je?"

Shuka haijafunuliwa. Hatujamwambia kitu.

Nani kamtonya? Nikamkazia macho wifi. Lakini wifi hajabanduka kitandani kwa mumewe tangu juzi, na daktari huyo ndiyo kwanza tunamwona.

Akatueleza kwamba ubongo una pande mbili, na kila upande huamrisha mwili wa upande wa pili, kwa kuwa mishipa yake hupishana kisogoni kabla ya kushuka kwenye uti wa mgongo. Maneno nayo, kwa watu wengi, hukaa kushoto. Aliyeumia kushoto hupotelewa na kulia. Huenda nguvu zikarudi kidogo kidogo, huenda zisirudi.

Baba njia nzima alicheka kwa hasira. "Hawa hawakosi jibu!"

Nami nilitaka kucheka. Nikashindwa. Jibu analo kila mtu, ila huyu alijua kabla ya kuambiwa.

Na ile kata! Nani hapa kwetu hupokea kwa kushoto? Asubuhi ileile mimi nilimpa Faki muhogo, akaupokea kwa kulia. Mbona hakuna aliyeniuliza mimi?

Kesho nitamwambia Baba simo katika ushahidi huo. Atanifokea, pengine atanipiga. Na awe radhi anisamehe, lakini wifi haondoki.

Bi Time bado simpendi. Nimekaa hapa najichunguza, naona nilitaka sana awe yeye. Angekuwa yeye, ningekuwa na mtu wa kumlaani.

Tawi nitalifanya nini?