Miti Aliyoikata Mama Stela

Jumamosi, Mwandiga. Mvua tangu alfajiri, haijapumzika hata kidogo.

Nimekaa kibarazani na chai iliyopoa. Jirani amepita na mwavuli, akaniuliza kama ninaumwa. Nimemwambia ni uchovu wa safari, akaridhika, akaenda zake.

Siumwi. Nimerudi jana kutoka ziwani, na nilichokikuta huko hakiingii kwenye fomu za ofisi. Ndiyo maana nakiandika hapa.

Kwa wasiojua kazi yangu, mimi napima miti. Mtu wa Kondoa nimeletwa Kigoma, huu ni mwaka wa nne, kwenye mradi unaotaka kujua misitu ya miyombo imehifadhi hewa ukaa kiasi gani. Tunachora duara msituni, tunaliita ploti. Kila mti ulio ndani tunaupigilia kibati chenye namba, tunapima unene wake kwenye kimo cha kifua, tunapima na urefu. Tunaondoka. Baada ya muda tunarudi kupima miti ileile. Kwenye vipimo hivyo ndimo tunamopata uzito wa mti, na kwenye uzito tunapata hewa ukaa iliyomo. Hesabu ni ngumu kidogo, lakini kazi yenyewe inategemea jambo moja tu: ukirudi, uukute mti pale ulipouacha.

Ploti namba tisa iko juu ya kijiji kimoja cha kaskazini, karibu na mpaka wa Burundi, mahali ambapo mlima unashuka moja kwa moja hadi majini. Barabara haifiki. Unapanda boti Kibirizi, unakaa juu ya magunia ya watu hadi mgongo ukatae. Mlinzi wa ploti hiyo alikuwa Mama Stela.

Jina lake Leokadia, lakini kijijini hakuna aliyemwita hivyo. Mjane, mkulima wa mihogo, ana michikichi yake michache nyuma ya nyumba. Kamati ya misitu ya kijiji ilimchagua yeye kwa sababu wanaume wawili waliomtangulia waliuza mbao. Mwaka wa kwanza nilimfundisha kushika tepu. Nilidhani nitamfundisha kwa siku tatu. Kufikia mchana wa siku ya kwanza alikuwa ananisahihisha mimi.

"Hapo umepima juu ya kovu, mwanangu," aliniambia. "Shuka kidogo. Kovu linaudanganya unene."

Alisema kweli. Tangu siku hiyo vipimo vya ploti tisa ndivyo nilivyoviamini kuliko vyote.

Kisha wakimbizi wakaja.

Tulianza kusikia mjini kwamba Warundi wanavuka. Wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu juu ya mlima, watoto mgongoni na magodoro kichwani. Kijiji kile kina ufukwe mwembamba, mlima nyuma, ziwa mbele. Ndani ya siku chache watu walikuwa wengi hadi mchanga hauonekani. Walilala pale pale walipofika. Walikunywa maji ya ziwa lile lile waliloogea, na ambamo, kwa kukosa pengine pa kwenda, walijisaidia. Maradhi ya kuharisha na kutapika yakaanza. Meli ikawa inakwenda kuwachukua na kuwaleta mjini kabla ya kupelekwa kambini, lakini kila ilipoondoka na watu, wengine wakawa wameshafika.

Niliyasikia hayo yote. Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumficha: niliyasikia kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Nilichokishika ni maneno ya nahodha wa boti pale Kibirizi. Aliniambia, "Msitu wenu kule juu umekwisha. Wanakata mchana kutwa, na yule mama wenu ndiye anayewaonyesha."

Nilijaribu kumpigia Mama Stela palepale, hakupatikana. Kijijini mtandao haushiki, lazima mtu apande kilimani, kwa hiyo nilituma ujumbe kwa boti, na kesho yake akapanda na kunipigia. Nilikuwa ofisini. Nakumbuka nilitoka nje ili wenzangu wasisikie, na hapo ndipo ninapojua kwamba moyoni nilishajua ninachotaka kusema si kizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Mama, ni kweli mnakata ploti?"

Nilisikia anavyohema, kilima kile ni kikali.

"Ni kweli. Tulianza na kuni kavu, zikaisha. Tukakata ya nje ya duara, ikaisha. Leo tunaingia ndani. Watu wanakufa kwa maji, Hamisi. Mganga wa zahanati amesema yachemshwe. Nitayachemsha na nini?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuuliza wamekufa wangapi, au yeye mwenyewe ana hali gani. Nilifikiria miaka minne ya kazi. Nilifikiria mkuu wangu na ripoti anayoisubiri.

Nikamwambia, "Nilikuachia miti, Mama. Kama hukuweza kuitunza, basi usijiite mlinzi wa msitu."

Maneno hayo hayo. Sijapunguza wala kuongeza.

Akasema, "Haya, mwanangu." Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Jumapili iliyopita, wiki kama tatu baada ya simu ile, namba yake ilinipigia mara mbili. Nilikuwa hapa hapa kibarazani, simu iko mkononi. Niliiangalia ikiita hadi ikanyamaza, mara zote mbili. Nilijiambia bado nina hasira, nitampigia nikitulia. Sikumpigia.

Juzi Alhamisi nilipanda boti kwenda kupima visiki. Meli ilikuwa imeshachukua watu wa mwisho. Ufukwe ulikuwa mtupu kwa namna ambayo sijawahi kuiona: kandambili za watoto, masufuria yaliyotoboka, vitambaa, majivu kila mahali. Majivu mengi. Wanakijiji walikuwa wanafagia.

Stela ndiye aliyenipokea. Ni binti yake wa pekee, mwenye umri kama wa mdogo wangu, anafundisha chekechea hapo kijijini. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kitambaa cheusi kichwani. Nilikiona kitambaa, na bado nikauliza.

"Mama yuko wapi?"

"Mama amefariki, kaka. Tulimzika Jumanne."

Alisema bila kulia, nadhani alikuwa amekwisha kulia kote. Nilimpa mkono. Nikasema poleni na msiba, kama mtu aliyetumwa kuiwakilisha ofisi. Nikakaa kwenye ukingo wa boti.

Alinisimulia kwa ufupi. Mama yake alihudumia wagonjwa pale ufukweni siku zote zile. Alibeba maji, alifua nguo za watu asiowajua. Alikuwa anaongea nao bila shida kwa sababu Kiha na Kirundi ni ndugu. Wanawake waliomzoea walimwita mama. Siku moja akarudi nyumbani mapema, akasema tumbo linamsumbua. Siku ya tatu hakuamka.

"Tulikupigia," Stela akasema. "Jumapili. Alinituma nipande kilimani. Alitaka ujue habari ya daftari."

Hakunitazama kwa ubaya. Tulipofika kwao aliingia ndani akatoka na daftari la shule, lile la kurasa themanini lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na kamba ya mkonge iliyotungwa vibati.

Vilikuwa vibati vyangu. Thelathini na moja, vimepangwa kwa namba.

Daftari ninalo hapa mezani. Limelowa pembeni, mwandiko ni wake, ule wa kulala kushoto. Kabla mti haujakatwa, Mama Stela aliung'oa kibati, akaupima kwenye kimo cha kifua kama tulivyozoea, akaandika. Vijana wa Kirundi walisimama na mapanga wakimsubiri amalize. Stela anasema walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa, watu wanakufa na yeye anazungusha tepu kwenye mti. Lakini walisubiri. Na mbele ya kila kipimo aliandika mti ulikwenda wapi.

Namba nne, mti wa mtundu, maji ya kunywa. Namba kumi na moja, mninga, nguzo za kibanda cha wagonjwa. Namba kumi na mbili, maji. Namba kumi na tisa, maji ya mama aliyejifungua, mtoto wa kiume. Namba ishirini, maji. Namba ishirini na sita, myombo, machela. Namba thelathini, mbao za jeneza la mtoto, jina hawakulisema.

Kurasa tatu na nusu. Mbele ya mti mmoja mkubwa, ule tuliokuwa tunapumzika chini yake tukila mihogo, ameandika: huu nimeuomba radhi.

Jana asubuhi nilipanda kwenye ploti na Stela. Nilifanya kazi niliyoijia, sikujua la kufanya jingine. Nilipima visiki vyote, na kila kisiki nilikilinganisha na daftari. Hakuna kosa hata moja. Alikuwa ameshuka chini ya makovu.

Miti kumi na sita imebaki. Visiki vingine vimeanza kutoa machipukizi mekundu. Miyombo ndivyo ilivyo, ukiacha mizizi hurudi, na ofisini watafurahi kusikia hivyo. Mimi sikufurahi. Nilikaa chini nikalia, Stela akiwa amesimama pembeni, na hakunibembeleza. Sikutegemea anibembeleze.

Tulipokuwa tunashuka nilimwuliza, kwa sauti ambayo karibu asiisikie, kama alikuwepo kilimani siku ile mama yake aliponipigia.

"Nilikuwepo."

"Alisema nini baadaye?"

"Hakusema kitu. Tulishuka. Alipofika chini akaniomba nimtafutie daftari."

Tukafika ufukweni. Boti ilikuwa inaondoka. Nilisema kwaheri, nikapanda, nikakaa nimekipa kijiji mgongo. Saa zote za safari nilikuwa na nafasi ya kutosha kufikiri, na nilichofikiri ni kwamba sikumwomba radhi. Si yeye, si mama yake. Kaburi liko nyuma ya michikichi, Stela alinionyesha kwa kidole, na mimi sikwenda hata kusimama. Niliogopa. Nilikuwa na visingizio vya boti na mawimbi, lakini niliogopa.

Leo asubuhi nimejaza fomu. Kuna sehemu ya sababu ya mti kupotea, unachagua: moto, upepo, shamba, mkaa, kuni. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Mwisho nimenakili maneno ya daftari yote kwenye karatasi ya ziada, nikaibana kwenye fomu. Mkuu wangu atauliza hii ni nini. Nitamwambia ndicho kipimo sahihi kuliko vyote tulivyonavyo mkoani, na nitamwambia pia nilichomjibu aliyekipima. Asikie kwangu.

Mahali pa jina la mpimaji nimeandika la kwake, Leokadia Bukuru. Langu sikuliweka.

Najua halimsaidii kitu.

Mvua imepungua kidogo sasa. Watoto wa jirani wametoka, wanarusha matope. Huko kambini nadhani yupo mtoto mmoja wa kiume, wa wiki chache, aliyeogeshwa kwa maji ya mti namba kumi na tisa. Mama yake hajui habari ya namba. Hahitaji kuijua.

Jumatano kuna boti. Nimeomba ruhusa, nimesema ni ya msiba. Nitakwenda hadi nyuma ya michikichi, kisha nitabisha hodi kwa Stela nimwambie maneno niliyomwambia mama yake, yote kama yalivyokuwa, ingawa ameshayajua, maana nataka ayasikie kutoka mdomoni mwangu nikiwa nimemtazama.

Nikimaliza, atanikaribisha niketi?