Ndoo ya Uji Mbele ya Bwana Inspekta

Mume wangu mpendwa, Baba Koku,

Leo nimepalilia migomba ya kibanja, shamba letu la nyumbani, peke yangu mpaka mgongo ukakataa. Nimekaa mlangoni nikikukumbuka ulivyokuwa askari kule Kemondo, mwaka ule tulipomleta Koku wetu kumzika hapa Ngenge.

Homa ilimchukua, nami nikanyamaza. Sikulia hata siku ya maziko. Nilipika, nilifua, nilijibu salamu, basi. Ndipo gari la serikali la kuonyesha sinema likaja, nawe ukapangiwa kulinda watu uwanjani.

"Twende, Mama Koku," ulinibembeleza. "Ukae tu."

Kwenye kitambaa cheupe cha sinema askari wa Kizungu walimfukuza mwizi. Wakagongana, wakaanguka matopeni, wakainuka na kunyoosha kofia kama watu wanaotoka kanisani. Wao wenyewe hakuna aliyecheka, na ndiyo maana uwanja mzima ulivunjika mbavu. Askari tuliowajua walikuwa wa kuogopwa. Hawa walikuwa na uso uleule mkavu, lakini matope hayakuwaogopa. Mimi niliangalia tu.

Wewe ulisimama kando ya kitambaa, umekaza uso, macho kwangu. Mara ukarudi nyuma, mguu ukazama kwenye ndoo ya uji ya mama mmoja mchuuzi. Hukuutoa. Ulitembea na ndoo ile mguuni, ikigonga chini, mpaka mbele ya kiti cha Bwana Inspekta, mkubwa wako wa polisi, ukapiga saluti. Uso wako haukutikisika.

Watu walipiga mayowe. Nami nikacheka, Baba Koku, nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Nikamlilia mwanangu kwa sauti palepale kwenye nyasi, wanawake wakanishika.

Bwana Inspekta hakucheka. Kesho yake ulivuliwa sare, tukarudi Ngenge kulima. Njiani nilikuuliza, "Kwani hukuiona ile ndoo?"

"Niliiona tangu mwanzo," ulisema, ukaendelea kutembea.

Sasa nawe umelala karibu na mwanao. Ndugu zako bado wanasema ulipoteza kazi ya serikali kwa upuuzi. Zamani nilibishana nao. Siku hizi sina nguvu. Nimechoka, mume wangu. Maharage yanakauka shambani na wa kuyang'oa ni mimi. Lakini jioni nikizidiwa, nalia, kisha napata usingizi. Hilo umeniachia wewe.

Mbusu Koku, umwambie mama yake yupo.

Mkeo,
Mama Koku