Ndege Iliyobaki Nzima

Mjukuu wangu Neema,

Huku kambini Dzaleka tuko bazima. Bibi yako anashona nguo za kwaya.

Unauliza kama urushe ndege yako ya kuchezea, ile ya telekomande, hapo Lilongwe, ama uiweke tu, juu unaogopa inaweza kuvunjika.

Kule Uvira, mi na kaka yangu Isaya tulijenga moja kwa kufuata mchoro, mabawa marefu kupita mlango. Kwetu kitu kipya kinaombewa kwanza, njo maana tukangojea mchungaji arudi kutoka Fizi. Mbele ya yeye kurudi, vita ikafika, tukakimbia. Ndege ikabaki imefungwa kwenye dari. Isaya alikufa bila kuiona hewani.

Rusha yako, Neema. Ikivunjika, leta vipande, tutaunga pamoja. Ya kwetu haikuvunjika, na njo kitu inaniumaka mpaka leo.

Babu yako