Pedi za Mashindano

Mama Atupele,

Ukirudi kutoka msibani Masoko, usishtuke kumkuta mtoto na plasta kwenye paji la uso. Amelala chumbani kwa bibi yake. Uji uko jikoni. Plasta isilowe.

~~Asubuhi mbuzi alikatiza barabarani.~~ Hapana. Hakukuwa na mbuzi.

Nilikuwa nampeleka shule. Kwenye mteremko wa Ibighi, na ukungu ule, nilikanyaga breki gari likazidi kuserereka, tukaishia kwenye migomba ya Mzee Lazaro. Ni zile pedi za breki za magari ya mashindano na diski zake za matundu nilizochagua Mbeya. Ulinikanya palepale dukani: "Sisi tunabeba ndizi na mtoto, mashindano ya nini?" Nikakucheka mbele ya muuzaji. Kumbe pedi zile hazikamati mpaka zipate moto, na jana asubuhi nilishaliona hilo. Nikanyamaza, nisionekane mjinga.

Nakwenda Mbeya kwa basi kutafuta pedi na diski za kawaida. Gari bado liko kwa Mzee Lazaro. Mdogo wangu Erasto akija kuomba ufunguo, mkatalie, hata akinuna.

Nikirudi nigombeze, nitakaa nisikilize. Ila kilichoniumiza zaidi ni hiki: tulipotoka zahanati, Atupele alinishika mkono akaniuliza, "Baba, tumwambie mama nimeanguka nikicheza?" Akiamka, mwambie baba amekwisha kusema ukweli.

Baba Atupele